Watano wa Adelfina

Mwalimu Bulugu alipomuuliza mama yangu amezaa watoto wangapi, mama aliinuka akaenda uani kufukuza kuku. Kuku hawakuwapo. Tulikuwa tumebaki na jogoo mmoja tu, naye alikuwa amejilaza kivulini kando ya jiwe la kusagia, hana habari na mtu. Lakini mama alifukuza. "Shuu! Shuu!" akapiga makofi, akaizunguka nyumba nzima, na mimi nikabaki kwenye kigoda nimekodoa macho mbele ya mwalimu na penseli yake.

"Mama amekwenda wapi?" mwalimu akauliza.

"Kuku wanakula mbegu," nikasema.

Ilikuwa Agosti, mwaka wa sabini na nane, asubuhi ya sensa. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Mwalimu Bulugu alikuwa Msukuma wa upande wa Shinyanga, ndiyo kwanza ameletwa kwetu Mabawe kufundisha, na Kihangaza chake kilikuwa cha salamu tu. Mama yangu, Adelfina, Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Kati yao nilikaa mimi, Esperansia, mwenye darasa la saba langu na mdomo mwepesi, na kijiji kilikuwa kimenipa kazi ya kumzungusha mwalimu nyumba hadi nyumba. Watu hudhani ukalimani ni kazi ya kujua maneno. Ebo! Maneno ni sehemu ndogo. Kazi yenyewe ni kukaa katikati ya watu wawili wanaoogopana, ukaogopa kwa niaba ya wote wawili.

Na mimi ni mwoga. Nakwambia mapema, wala sioni haya. Wako watu wanaojisifu kwamba enzi zile hawakuogopa kitu, wala kuhamishwa, wala vita. Waongo hao. Enzi zile hata mbwa walibweka kwa adabu.

Kwetu mtoto hahesabiwi. Ukimuuliza mtu ana watoto wangapi atakujibu, "Wapo, tunamshukuru Mungu," au atakwambia kwamba aliyemjalia ndiye anayewajua. Jioni mama akitaka kuhakikisha kwamba wote tumekula hakunyoosha kidole wala hakutaja idadi, aliyatazama mabakuli. Alisema kifo ni mgeni mlafi: ukimtajia chunguni mmebakiwa na vipande vingapi, haondoki mpaka naye apewe chake. Basi ukimya wetu haukuwa ujinga, kama walivyosema mabwana wa semina ya sensa. Ulikuwa kufuli la mlango.

Serikali nayo ilikuwa na hoja yake. Miaka minne nyuma ilikuwa imetutoa juu mlimani, kila mtu kwenye migomba yake, ikatupanga kando ya barabara mstari mmoja kama vitunguu kwenye tuta. Tukawa wengi ghafla. Wengi tulikuwa tangu zamani, ila hatukuwa tumeonana. Ukuta wangu ukawa unasikia kikohozi cha jirani, na watoto walijaa kisimani hata mama mmoja aliweza kumwogesha wa mwenzake kwa makosa. Mwenyekiti akasema mkutanoni kwamba lazima tujulikane idadi ili tupate zahanati ya kututosha na madawati ya kututosha. Baba yangu hakuwahi kuyaona hayo madawati. Alifariki mwaka uliofuata uhamisho, na mama akabaki na sisi.

Mwenye kututia hofu hasa alikuwa jirani yetu Nimpaye. Huyu alikuwa amevuka mpaka mwaka wa sabini na mbili, usiku, na mtoto mgongoni, kutoka Burundi. Lugha yake na yetu ni kitu kimoja, basi akakaa, akalima, akasuka mikeka, na watu wakasahau kwamba alikuja. Yeye hakusahau. Walipopita vijana wa sensa kutia namba za chaki milangoni, Nimpaye alikuja kwetu, akakaa chini bila kukaribishwa.

"Kwetu walikuja na karatasi," alimwambia mama. "Walisoma majina kwa upole kabisa. Mume wangu akaitika. Kaka zangu wakaitika. Wakapandishwa lori. Aliyepona ni mdogo wetu aliyekuwa machungani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amemwandika."

"Hii ni serikali nyingine," nikasema, kwa kuwa nilikuwa nimesoma.

Nimpaye alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, penseli ni ile ile."

Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na Nimpaye alishtuka mpaka akatushtua na sisi tusioumwa. Alipoondoka, mama alikaa akimenya maharage mabichi. Kisha akasema, bila kuinua macho, kwamba mmoja wetu hataandikwa. Hakumtaja. Sote tulijua ni nani.

Mama alikuwa na mapacha wa kiume walionifuata mimi, wenye umri wa miaka kumi na tisa. Kwetu jina la pacha halichaguliwi, linazaliwa naye: anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi. Hawakufanana hata kidogo. Bukuru alikuwa mfupi wa kifua kipana, mcheshi, anayejulikana na kila mtu hadi Mbuba, na Butoyi alikuwa mrefu mwembamba, mwenye haya, anayetembea kama anayeomba radhi kwa kukanyaga ardhi. Kumficha Bukuru kungekuwa kama kuficha ngoma. Basi siku ya sensa Butoyi alikwenda kulala kule juu kwenye mahame yetu, katika migomba ya zamani, na mama akamfungia viazi vitamu kwenye jani.

Mwalimu akachoka kumngoja mama na kuku wake. "Basi sema wewe," akaniambia. "Walio hai?"

"Watano. Mimi, Bukuru, na wadogo watatu."

"Na waliofariki?"

Niligeuka kuangalia uani. Majina ya watoto waliozikwa hayakutajwa nyumbani kwetu, hata kwenye sala.

"Si swali langu, Esperansia. Ni la serikali."

"Wawili," nikanong'ona, ili lisifike uani.

Mzee Anatory, balozi wetu wa nyumba kumi, alikuwa amesimama mlangoni kushuhudia. Alituona tukikua, alikuwa anamjua Butoyi vizuri kabisa. Mwalimu alimgeukia. "Sawa, balozi? Kijana mkubwa wa kiume ni mmoja?" Mzee akavitazama vidole vyake vya miguu, akasema, "Sawa." Nadhani naye nyumbani kwake alikuwa amewaficha wawili.

Sasa uone jinsi hofu inavyompumbaza mtu. Tulimficha kijana, tukaliacha jina. Mtu yeyote wa milima hii akisikia "Bukuru" anauliza papo hapo, "Butoyi hajambo?" Jina la mmoja linamwita mwenzake. Tuliandikisha nusu ya kitu kinachosema chenyewe kwamba ni nusu, na hatukushtuka, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyewahi kuishi na mtu asiyelijua hilo. Mwalimu alikuwa mgeni, akaandika na kuaga vizuri. "Asante, Mama Bukuru," akamwambia mama, na mama akamwitikia akiwa bado nyuma ya nyumba.

Halafu ikaja vita.

Mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Redio ya ofisi ya kijiji ikasema adui amevuka mpaka wa kaskazini, amechoma, amepora ng'ombe, na sisi tulio mbali na huko tukaanza kulala na nguo mwilini. Novemba wakachukua vijana wa mgambo. Bukuru alikuwa wa kwanza kuruka kwenye lori, anatafuna muhogo wa kuchoma, anawatania wasichana kwamba atawaletea vitenge vya Kampala. Mama alimshika mguu pale juu ya lori. Alimshika tu kifundo cha mguu, kwa kuwa ndipo mkono wake ulipofika, mpaka lori likaondoka.

Nisikuweke roho juu: Bukuru hakurudi. Habari zilitufikia baada ya Pasaka kwamba aliishia njia ya Masaka, na kaburi lake hatujaliona. Nakwambia sasa ili usije ukanidai mwishoni. Wako watu kijijini mpaka leo wanaosema aliuawa na kilichotokea ofisini mwezi wa Desemba. Mimi nasema aliuawa na bomu. Lakini sikuwahi kulisema hilo mbele ya mama.

Ofisini kulitokea hivi.

Tangu Agosti mama hakumruhusu Butoyi kushuka kijijini ovyo. Alilima kule kwenye mahame, alikula kule, mazoezi ya mgambo hakuyahudhuria hata mara moja, kadi ya chama hakuwa nayo. Kijana mzima, akageuka kivuli. Na vita ilipopamba moto, kuwa kivuli kukawa jambo la hatari. Kila mgeni alikuwa mpelelezi mpaka athibitishe vinginevyo, na kwetu, ambako wa huku na wa ng'ambo tunasema lugha moja, nani angethibitisha? Nimpaye aliacha kwenda kisimani mchana. Ilisemekana kwamba wanaokamatwa bila maelezo wanapelekwa Ngara mjini, na kutoka pale wengine wanarudishwa ng'ambo ya mpaka. Mtu aliyerudishwa ng'ambo, Nimpaye alisema, hakuna anayemuuliza tena.

Chumvi ikaisha. Ilikuwa imeisha madukani zamani, sasa ikaisha na nyumbani, na wadogo zangu wakawa wanasukuma bakuli la maharage chapwa. Butoyi hakuaga mtu. Alishuka upande wa pili wa mlima mpaka Kabanga, akapata chumvi kwa hao wanaovusha magendo, akaifunga kwenye jani la mgomba, na wakati wa kurudi akaangukia kwenye kizuizi cha mgambo.

Aliyetuletea habari ni Nimpaye mwenyewe. Yeye aliyekuwa akikwepa hata kivuli cha ofisi, alikuja mbio barabarani mchana kweupe, mtandio umeanguka. "Mama Bukuru! Wako amekamatwa. Yuko ofisini, na lori lipo!"

Mungu wangu, zile mbio! Mama alikimbia na mwiko mkononi.

Lori lilikuwa limeegeshwa mbele ya ofisi ya kijiji, dereva anagonga magurudumu kwa fimbo kusikiliza upepo. Nyuma walikaa watu watano au sita, wameinamisha vichwa. Butoyi alikuwa chini ukutani, mikono imefungwa kwa mshipi wake mwenyewe, na chumvi imemwagika mapajani. Alipomwona mama hakulia. Alisema tu, "Nisamehe, chumvi imemwagika."

Ndani walikuwa kamanda wa mgambo, aitwaye Ansbert, kijana wa Biharamulo mwenye macho mekundu ya kukesha, na Mwalimu Bulugu, aliyekuwa ameingizwa kwenye kamati ya ulinzi. Mzee Anatory alikuwa ameitwa naye, amekaa pembeni anaikunjakunja kofia yake.

"Shikamoo, mama," mwalimu akasema. Hata pale.

"Marahaba," mama akajibu. Hilo ndilo neno la Kiswahili lililomtoka bila shida.

Kamanda hakuwa na muda. "Kijana huyu ametoka upande wa mpaka na bidhaa za magendo. Hana kadi, mazoezini hajulikani. Namuuliza yeye nani, anasema, 'Mimi laia mwema.' Hata raia hajui kulitamka! Anadai ni wa nyumba yenu." Akamgeukia mwalimu. "Wewe nyumba hii uliihesabu?"

"Niliihesabu mwenyewe."

"Vijana wakubwa wa kiume?"

"Mmoja," mwalimu akasema, na niliona kwamba ilimuuma kulisema. "Bukuru. Yuko vitani."

"Balozi?"

Mzee Anatory aliitazama kofia yake ndani na nje. Alikuwa amekwisha kusema "sawa" mwezi wa Agosti, mbele ya mwalimu huyu huyu. "Mimi siku ile nilisimama nje," akasema. Simlaumu. Ningekuwa yeye, ningesema nilikuwa hata sijazaliwa.

"Majirani watamtetea," kamanda akaendelea. "Ninyi wote huku ni ndugu wa watu wa ng'ambo. Mpakieni."

 Nilitaka kukimbia. Nilitaka ardhi ipasuke pale pale. Badala yake nikasikia sauti yangu, nyembamba kama ya mtu mwingine, ikisema, "Shikamoo, mwalimu. Naomba nikuulize. Kwenu Usukumani ukikutana na mtu anaitwa Kulwa, unamuuliza nini?"

Mwalimu alikunja uso. "Namuuliza Doto yuko wapi."

"Bukuru ni Kulwa," nikasema. "Kwa lugha yetu Bukuru ni Kulwa. Hapati mtu jina hilo peke yake. Na huyo aliyefungwa hapo nje anaitwa Butoyi."

Mwalimu Bulugu aliinuka nusu, akakaa tena. "Lo!" akasema. "Tangu Agosti namwita Mama Kulwa, na sijiulizi!" Akanitazama, nikajua anakumbuka kuku wa Agosti. Alielewa yote. Angeweza kukasirika, maana tulikuwa tumemdanganya na yeye ndiye aliyekula kiapo cha sensa. Uso wake ulibadilika mara mbili, na mimi niliutazama kama mgonjwa anavyomtazama mganga.

"Doto anaweza kufa mchanga," kamanda akasema. "Wengi wanakufa. Jina si mtu." Akamnyooshea mama kidole. "Aseme mwenyewe. Wote aliowazaa, waliokufa na walio hai, kwa kinywa chake, na hesabu ya walio hai ikae sawa na ya mwalimu. Isipokaa sawa, huyu anapanda."

Nikamfasiria mama. Nilimfasiria neno kwa neno, kwa sababu sikujua namna ya kulilainisha.

Mama alitazama nje. Injini ilikuwa imewashwa. Akaniuliza kwa Kihangaza, sauti ya chini, "Nikimtaja Butoyi peke yake?"

"Wanataka wote, mama."

Ili amwokoe mmoja, ilimbidi amtaje na mwenzake, na mwenzake alikuwa kule ambako kifo kilikuwa kimetega masikio. Nilimwona akiwaza hayo.  Akauweka mwiko chini, akakunja mikono yote miwili kifuani, na akaanza na waliokufa.

Walikuwa watatu. Wawili nilikuwa nawajua. Wa tatu, aliyetajwa kwanza kwa kuwa alizaliwa kabla yangu, sikuwa nimemsikia maisha yangu yote. Nami miaka yote nilijiona ndiye kifungua mimba! Alilitaja jina hilo taratibu, akingoja baada yake, kama anayempisha mtu mlangoni. Nikafasiri. Kamanda akavua kofia, sijui kwa nini, labda joto.

Kisha walio hai. "Bukuru," akasema, akarudia: "Bukuru. Butoyi." Akawataja wadogo zangu mmoja mmoja, kwa majina yao ya ubatizo. 

Nikangoja.

"Ndio hao," mama akasema. Akainua ngumi iliyokunjwa, maana kwetu ngumi ndiyo tano.

Nilidhani amesahau. Mtu akiwa na hofu husahau hata jina lake. Nikageuka nimkumbushe, nikamwona anautazama ukuta. Hakunitazama mimi hata kidogo. Alikuwa ameng'ang'ania kuutazama ule ukuta, machozi yakimshuka mpaka kidevuni, na ngumi iko juu. Hapo nikaelewa. Alikuwa amebakiwa na nafasi moja ya kumficha mtu kifo kisimsikie, akanipa mimi.

"Anasema watano," nikasema. 

"Watano," mwalimu akarudia. Akawahesabu kwa ncha ya penseli juu ya meza, polepole, na penseli ikasimama. "Hata Agosti mlisema watano." Akainua macho. "Na wewe, Esperansia? Wewe si wake?"

Kamanda akanitazama. Mzee Anatory akaacha kukunja kofia. Mama hakujua Kiswahili, lakini alilisikia jina langu likitajwa ndani ya ofisi ile.

"Mimi ni mkalimani tu, mwalimu."

Alikuwa ananijua. Aliniandika kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa amekunywa uji kwetu, akanisikia nikimwita mama, nikimjibu, nikigombana naye juu ya kuni. Alinitazama muda mrefu, na mimi nilikuwa na woga ambao sijapata kuwa nao tangu hapo, hata siku ile tulipoletewa habari za Bukuru.

"Haya," akamwambia kamanda. "Idadi haijabadilika. Nyumba ya Adelfina ina watano. Mfungue kijana."

Butoyi alifunguliwa. Akaanza kuikusanya chumvi na vumbi lake, mama akamwondoa kwa kumvuta shati. Lori liliondoka na wale wengine, na hakuna kati yetu aliyegeuka kuwaangalia.

"Amesema nini yule mwalimu?" mama aliuliza tulipofika barabarani. Alimuuliza Butoyi, ambaye Kiswahili alikijua kidogo kuliko yeye.

"Amesema watano," nikajibu mimi.

 Njia nzima mama aliongea na Butoyi, juu ya maharage, juu ya paa linalovuja, maneno mengi ya haraka haraka, na mimi nikiwa ubavuni pake kana kwamba sipo. Karibu na kisima nilijikwaa. Mkono wake ukanidaka kabla sijaanguka, ukanikamata juu ya kiwiko kwa nguvu mpaka ikauma, na haukuniachia tena mpaka nyumbani, naye hakuacha kuongea na Butoyi, wala hakugeuka kunitazama.